Cheti chenye nishani mbili: uchambuzi wa kisa cha askari mstaafu wa vita vya Vietnam

Kisa hiki ni cha mzee mmoja wa Kimarekani aliyepigana Vietnam katika Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, akarudi nyumbani na cheti kinachotaja nishani mbili tu ilhali alistahili nyingi zaidi. Jina lake, kikosi chake, jimbo analoishi na tarehe kamili nimeviondoa. Kilichobaki ni mwenendo wa jalada lenyewe, nami nimeuandika kwa ajili ya yeyote anayemsaidia mzazi au babu kusahihisha kumbukumbu zake za jeshini.

Niseme mapema ninachokiamini baada ya kulipitia jalada hili karatasi kwa karatasi: nishani zilizokosekana kwenye cheti kimoja si tatizo moja. Kila nishani ilipotea kwa njia yake, na kwa sababu hiyo kila moja inadai ushahidi wake na ina ofisi yake ya kuamua. Familia hii ilikwama ilipoziomba zote kwa pumzi moja. Mambo yalianza kwenda ilipozitenganisha.

Usuli

Mzee aliandikishwa kwa lazima katikati ya 1967, akafunzwa kuwa askari wa miguu, fani namba 11B, na Novemba mwaka huohuo akapelekwa Vietnam. Alikaa huko hadi Oktoba 1968. Mwezi Mei kombora la mota lilianguka karibu na handaki lake na vipande vya chuma vikamwingia paja la kushoto. Alisafirishwa hadi hospitali ya Jeshi nchini Japani, akatibiwa, na mwezi Julai akarudishwa kwenye kombania yake ileile. Miaka yake miwili ilipokwisha, mwaka 1969, akaruhusiwa kwenda nyumbani.

Siku hiyo alipewa DD Form 214, cheti ambacho kila askari wa Marekani hupewa anapomaliza utumishi. Katika toleo la miaka ile nishani ziliandikwa kwenye kisanduku namba 24. Cha kwake kilikuwa na mstari mfupi: National Defense Service Medal na Vietnam Service Medal. Akatia saini, akaondoka. Hakuwa na hamu ya kubishana na karani, na wenzake wengi wa rika lile hawakuwa nayo pia.

Miaka ikapita. Kila familia ilipofikiria kulifuatilia jambo hili, mtu fulani aliwaambia kwamba karatasi zote ziliungua St. Louis. Moto huo ni wa kweli. Tarehe 12 Julai 1973 uliteketeza kati ya majalada milioni 16 na 18 kwenye Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu za Watumishi, NPRC, kilichopo St. Louis, Missouri. Lakini majalada yaliyopotea yanajulikana: takriban asilimia 80 ya askari wa Nchi Kavu walioruhusiwa kati ya Novemba 1912 na Januari 1960, na takriban asilimia 75 ya wale wa Jeshi la Anga walioruhusiwa kati ya Septemba 1947 na Januari 1964 ambao majina yao yanafuata jina Hubbard katika mpangilio wa alfabeti. Askari wa Nchi Kavu aliyeruhusiwa 1969 hayumo humo kabisa. Inaniuma kila ninapokutana na familia iliyokata tamaa kwa ajili ya moto ambao haukuligusa jalada lao.

Kilichoamsha suala upya ni maradhi ya uzee. Anayetunukiwa Purple Heart, nishani ya aliyejeruhiwa na adui, huwekwa katika kundi la 3 la kipaumbele kwenye huduma za afya za wapiganaji wa zamani, na pia anakuwa na sifa ya kuzikwa ardhini katika makaburi ya kijeshi ya taifa ya Arlington. Familia haikuwa ikitafuta pambo la ukutani.

Ombi la kwanza

Binti yake alijaza DD Form 149, fomu ya kuomba kumbukumbu za kijeshi zisahihishwe, akaituma moja kwa moja kwenye Bodi ya Jeshi ya Kusahihisha Kumbukumbu. Aliambatanisha barua ndefu yenye uchungu, picha ya kovu, na nakala ya cheti. Kwenye nafasi ya ombi aliandika kwamba baba yake apewe nishani zote anazostahili, ikiwemo Bronze Star, nishani ya ushujaa, ambayo kiongozi wake wa platuni alimwahidi.

Ombi likarudi bila kusikilizwa. Bodi hii, inayofanya kazi chini ya kifungu cha 1552 cha sheria namba 10 ya Marekani, ni mlango wa mwisho. Haipokei dai mpaka mwombaji awe amekwisha kupita kwenye ofisi zenye uwezo wa kusahihisha jambo hilo kiutawala. Tena Bodi si mpelelezi: huamua kwa kile kilichowekwa mezani, nayo huanza kwa kuchukulia kwamba Jeshi liliandika sawasawa. Mzigo wa kuonyesha vinginevyo ni wa mwombaji.

Familia ililipokea jibu hilo kama kukataliwa. Hapo ndipo niliombwa kulitazama jalada.

Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuomba jalada zima. Mtu akiandika kwa kifupi kwenye SF-180, fomu ya kuomba kumbukumbu, aghalabu hupata cheti na kurasa chache za msingi. Safari hii tuliandika wazi kwamba tunahitaji nakala ya kila ukurasa wa jalada la utumishi na la matibabu.

Uamuzi wa pili unaonekana mdogo, lakini ndio uliofungua mambo. Cheti cha mzee kilikuwa na namba yake ya hifadhi ya jamii, na binti alikuwa akiitumia hiyo kila mahali. Jeshi la Nchi Kavu lilianza kuitumia namba hiyo kama utambulisho wa askari Julai 1969. Kabla ya hapo kila askari alikuwa na namba ya utumishi. Walioandikishwa kwa lazima namba zao zilitanguliwa na herufi US, na waliojiunga kwa hiari herufi RA. Kwa hiyo karatasi zote za 1968, yaani amri, ripoti na kumbukumbu za hospitali, zinamjua mzee kwa namba ambayo familia haikuwa imeiandika popote. Tangu siku hiyo kila barua ilibeba namba zote mbili.

Jalada lilipofika, karatasi iliyokuwa na thamani kuliko zote ilikuwa DA Form 20, kadi ya sifa na utumishi ya askari, iliyokunjwakunjwa na kujazwa nusu kwa taipureta na nusu kwa kalamu. Kisanduku 38 huonyesha alikopangiwa kazi, tarehe kwa tarehe. Katikati ya mistari ya kombania yake ulikuwepo mstari mmoja wa 1968 wenye jina la hospitali nchini Japani, na kwenye safu ya kazi limeandikwa neno la kumaanisha mgonjwa. Chini yake anarudi kombania. Kisanduku 40, cha majeraha, kilikuwa kitupu. Kisanduku 41, cha nishani, kilikuwa na beji ya askari wa miguu aliyepigana, Combat Infantryman Badge, pamoja na namba ya amri iliyoitoa.

Karatasi hiyo moja ilitosha kuonyesha kwamba cheti kimekosea. Beji alipewa kwa amri yenye namba. Aliyeandaa cheti hakuihamisha. Jeraha halikuandikwa, lakini kulazwa kuliandikwa. Tangu hapo tukazigawa nishani kwa namna zilivyopotea.

Kwanza zile ambazo uamuzi wake ulikwisha kufanyika, zikakosekana kwenye cheti tu. Beji ilikuwa humo. Zilikuwemo pia nyota ndogo za shaba zinazobandikwa kwenye Vietnam Service Medal, moja kwa kila kampeni ambayo askari alishiriki. Kwa tarehe zake mzee aliangukia kampeni nne: Awamu ya Tatu ya mashambulizi ya kujibu, iliyoisha 29 Januari 1968; ile ya Tet, kuanzia 30 Januari hadi 1 Aprili; Awamu ya Nne hadi 30 Juni; na ya Tano iliyoanza 1 Julai. Nyota nne, hesabu ya kalenda, hakuna shahidi anayehitajika. Tukaongeza Vietnam Campaign Medal ya serikali ya Vietnam Kusini, ambayo msingi wake ni miezi sita ya utumishi huko, na heshima ya kikosi ya Gallantry Cross yenye alama ya kuti la mtende, ambayo kwa amri kuu namba 8 ya mwaka 1974 Jeshi la Marekani liliithibitisha kwa vikosi vilivyokuwa chini ya kamandi zake Vietnam. Hii ya mwisho huwashangaza wastaafu wengi: amri ilitoka wakiwa wamesharudi makwao, basi isingewezekana iwe kwenye cheti cha 1969.

Pili, zile ambazo sifa zilitimia lakini hakuna aliyekaa kuamua. Humo tuliweka Purple Heart na Good Conduct Medal, nishani ya mwenendo mwema. Tatu, zile zinazotegemea mkubwa wa kikosi kupendekeza: Bronze Star ya ushujaa. Air Medal, nishani ya safari za angani, ambayo mzee aliidai kwa sababu kombania yake ilikuwa ikishushwa vitani kwa helikopta kila mara, ilikaa kati ya makundi hayo, na ilitusumbua hadi mwisho.

Kundi la kwanza lilipelekwa kwa barua fupi, kila nishani na karatasi yake, kwenye ofisi yenye mamlaka ya kusahihisha bila kupitia Bodi. Hatukugusa jeraha. Hatukutaja Bronze Star. Nia ilikuwa afisa anayefungua bahasha asikute jambo hata moja linalomlazimu kusita.

Kutafuta ushahidi wa jeraha

Purple Heart haina mwisho wa muda wa kuiomba, wala haihitaji mapendekezo ya mkubwa. Aliyejeruhiwa kwa sifa zinazotakiwa anastahili, basi. Ugumu uko kwenye sifa zenyewe, nazo ni tatu: jeraha liwe limetokana na adui, liwe lilihitaji kutibiwa na watu wa tiba, na matibabu hayo yawe yaliandikwa kwenye kumbukumbu rasmi. Kovu linathibitisha kwamba mtu aliumia. Halisemi nani alimuumiza, na askari wengi waliumia kwa ajali za gari, mashine au silaha zao wenyewe.

Ombi la mwanzo la Purple Heart lilikwenda kwenye tawi la nishani la Kamandi ya Rasilimali Watu ya Jeshi, Fort Knox, likiwa na DA Form 20 na hati ya kiapo ya askari mwenzake aliyekuwa handaki la jirani. Lilikataliwa kwa maandishi: kulazwa kumeonekana, sababu ya kulazwa haijaonekana. Nililiona jibu hilo kuwa la haki kwa karatasi walizokuwa nazo, na lilitufaa kwa njia mbili. Lilitaja pengo kwa jina lake, na lilikuwa ushahidi kwamba njia ya kiutawala imeshapitiwa.

Niirudie hati ya kiapo, kwa sababu hapa ndipo familia nyingi huharibu. Rasimu ya kwanza ya rafiki yule ilijaa sifa: ujasiri usio kifani, kujitoa mhanga, na kadhalika. Ilikuwa ya upendo lakini haikuwa na tukio. Tulimwomba aandike alichokiona kwa macho yake na asiandike alichosimuliwa. Ya pili ilisema alikuwa umbali gani, milio ilianza gizani kabla ya alfajiri, alimwona tabibu wa platuni akiikata suruali ya mzee kwa mkasi na kulifunga paja, na kwamba hakumwona tena kwa wiki kadhaa. Aliambatanisha karatasi zake mwenyewe zinazoonyesha kwamba alikuwa kombania ileile mwezi uleule. Alikiri pia kwamba tarehe kamili haikumbuki. Kukiri huko kulimfanya aaminike zaidi.

Kisha tukaenda kwenye hospitali. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kumbukumbu za mgonjwa aliyelazwa katika hospitali za Jeshi hazikuwekwa kila mara ndani ya jalada la askari. Zilihifadhiwa kwa jina la hospitali na mwaka. Ukiomba jalada la baba yako utaambiwa kilichomo ni hiki tu, nawe utadhani habari imeishia hapo. Inabidi uombe upya: hospitali fulani, mwaka fulani, mgonjwa fulani, kwa namba yake ya wakati ule. Jina la hospitali tulilipata kwenye kisanduku 38. Namba tulikuwa nayo.

Ukurasa wa juu wa kumbukumbu hizo ulipopatikana ulikuwa na maneno machache ya taipureta. MFW, ufupisho wa madaktari wa wakati ule kwa majeraha mengi ya vipande, paja la kushoto. Sababu: mota. Na kando yake, maneno ya kueleza kwamba ni kitendo cha adui. Sifa zote tatu zilikuwa kwenye ukurasa mmoja uliokuwa umehifadhiwa muda wote huo.

Hatukuishia hapo. Tuliomba ripoti za asubuhi za kombania, ambazo Jeshi liliziandika kila siku hadi 1974 na ambazo zinaonyesha nani ametoka kazini kwenda hospitali. Jina la mzee lilikuwemo, limekosewa herufi moja, lakini namba ni yake. Daftari la matukio la bataliani, lililohifadhiwa kwenye Nyaraka za Taifa, College Park, Maryland, katika fungu namba 472 la majeshi ya Marekani Kusini-Mashariki mwa Asia, lilionyesha kambi ikipigwa kwa mota usiku wa kuamkia siku hiyohiyo. Halikutaja majina, madaftari hayo mara nyingi hayataji. Lakini ripoti, daftari na hospitali vilikubaliana kwa tarehe, na shahidi aliyesahau tarehe akawa ameelezea usiku huohuo.

Ombi la pili kwa Bodi na matokeo

DD Form 149 mpya iliomba mambo matatu tu: Purple Heart, Good Conduct Medal na Air Medal. Sheria inataka ombi liletwe ndani ya miaka mitatu tangu kosa kugunduliwa, lakini Bodi inaweza kusamehe ucheleweshaji kwa ajili ya haki. Fomu ina nafasi ya kulieleza hilo na haifai kuachwa wazi. Tulieleza kwa sentensi chache: ukurasa wa hospitali ndio umepatikana sasa.

Kwa Good Conduct Medal hoja ilikuwa kwenye kisanduku 38 tena. Kila mstari ulikuwa na alama ya mwenendo na ya ufanisi, na zote zilikuwa za juu. Hapakuwa na adhabu, wala barua ya mkubwa yeyote ya kumnyima. Aliyetumikia muda mfupi kuliko miaka mitatu lakini zaidi ya mwaka mmoja aliweza kuipata anapomaliza utumishi wake wa kwanza, na mzee alikuwa katika hali hiyo.

Kabla Bodi haijajibu, kundi la kwanza lilikwisha kukamilika na DD Form 215 ikatoka. Hii ni karatasi ya masahihisho. Cheti cha zamani hakichapwi upya, viwili hivyo hutembea pamoja, na anayewasilisha kimoja bila kingine anajikosesha mwenyewe. Bodi nayo ikaamua ndani ya muda unaotajwa na sheria, ambao ni miezi 10 kwa maombi tisa katika kila kumi na usiozidi miezi 18 kwa lolote. Ilikubali Purple Heart na Good Conduct Medal, ikaamuru DD Form 215 nyingine. Ilikataa Air Medal. Nishani zenyewe zilifika kwa njia ya posta, bila malipo.

Kilichofanya kazi na kilichoshindikana

Kutenganisha madai kulifanya kazi kuliko kitu kingine chochote. Katika ombi la kwanza, nyota za kampeni, ambazo mtu yeyote mwenye kalenda angezithibitisha, zilikuwa zimefungwa pamoja na ahadi ya mdomo ya kiongozi wa platuni. Dai dhaifu liliushusha ushahidi wa lile lenye nguvu. Mpangilio wa bahasha ulisaidia pia: kila dai lilikuwa na ukurasa wake, na chini yake karatasi inayolithibitisha, sehemu husika ikiwa imewekewa mshale pembeni.

Bronze Star haikupatikana, na nadhani uamuzi wa kuiacha nje ulikuwa sahihi ingawa ulimuuma mzee. Kwa nishani ambayo haikupendekezwa ndani ya muda, kifungu cha 1130 cha sheria ileile kinaruhusu mbunge wa Bunge la Marekani kuomba Jeshi liipime upya. Lakini bado inahitaji pendekezo lililoandikwa na mtu mwenye kulijua tukio, pamoja na mashahidi. Kiongozi wa platuni alikwisha kufariki, hakuna aliyepata nakala ya alichoandika, kama aliandika. Rafiki wa handaki la jirani alijitolea kuandika kwamba aliona kitendo chenyewe. Mzee alimkatalia, kwa kuwa alijua hakuwepo pale. Namheshimu sana kwa hilo.

Air Medal ilishindikana kwa sababu nyingine. Kwa kanuni za kamandi ya Jeshi huko Vietnam, askari alihitaji kuhesabiwa angalau safari 25 za kundi la kwanza, yaani zile za kushushwa vitani, ndipo apendekezwe. Tulipeleka maelezo ya jumla kwamba kombania ilikuwa ikiruka mara kwa mara. Hapakuwa na amri wala hesabu ya safari zake, na Bodi haikuwa na cha kushika. Dai hilo lilikwenda kabla halijaiva.

Bodi hupokea ombi la kuliangalia jambo upya likija na ushahidi ambao haikuwa nao mara ya kwanza, kwa hiyo mlango haujafungwa. Binti sasa anafuatilia kumbukumbu za kombania za helikopta zilizobeba bataliani hiyo, ambazo ziko fungu lilelile la College Park, na kuzilinganisha na ripoti za asubuhi ili kila safari ihesabiwe kwa siku ambayo baba yake alikuwepo kazini. Safari za tangu alipojeruhiwa Mei hadi aliporudi Julai amezitoa kwenye hesabu, kwa kuwa wakati huo alikuwa kitandani Japani na ana karatasi inayosema hivyo.